Miaka 11 Visiwani, na Nafsi Haijapata pa Kutua

BARUA

Shikamoo Mama wa safu hii.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Mikindani, na kwa sasa ninaishi Kilwa Kisiwani, ambako nimepanga chumba kimoja hatua chache kutoka mahali panapofikia vyombo vinavyovusha watu kwenda na kurudi Masoko. Ni fundi wa mashine za boti. Kazi hii niliianza Mtwara mjini nikiwa kijana wa kumshikia spana fundi mkubwa, na mwaka 2014 nikafunga mizigo yangu kumfuata rafiki aliyeniambia kwamba Mafia mashine ni nyingi na mafundi ni wachache. Mafia nilikaa miaka minne, Kilindoni na Jibondo, kisha Nungwi miaka miwili, kisha nikavuka Pemba nikakaa Kojani. Enzi hizo kila Idi nilikuwa narudi nyumbani. Baada ya Kojani nimekaa Ngazidja kule Komoro miezi minane, Tumbatu, Chole, Songosongo, Songo Mnara, na hapa Kisiwani huu ni mwezi wa saba.

Sikufukuzwa mahali popote. Kila nilikofika nilipokewa vizuri, kwa sababu fundi anayeweza kuiamsha mashine iliyozimika hakosi sahani ya wali katika kisiwa cha wavuvi. Lakini siku hizi mambo huenda kwa namna moja kila ninapohamia: miezi mitatu ya mwanzo ninafurahi, ninasema hapa ndipo, ninanunua hata kitanda, na ikifika mwezi wa tano au wa sita usingizi unaniruka. Alfajiri, upepo wa umande ukivuma kutoka bara, nasikia boti zikiondoka na nafsi yangu inataka kuwa ndani ya mojawapo, iwe inakwenda wapi sijali. Nikiondoka napata nafuu ya wiki mbili hivi, na safari ya jambo lilelile inaanza upya.

Hapa Kisiwani huja wageni wa Ulaya pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam kuyaona magofu. Mmoja wao, mama wa makamo, aliniambia tukiwa kwenye gofu la Husuni Kubwa kwamba amesafiri siku mbili ili apate kimya kama kile, na kwamba mimi ninayeishi hapa ni mtu mwenye bahati. Tangu siku hiyo nimejizoeza kwenda Husuni Kubwa jioni. Ninakaa kwenye ukingo wa lile birika la pembe nane, ninaitazama bahari mpaka jua linazama, na kwa muda ule ninatulia kweli. Nikirudi chumbani na kufunga mlango, inakuwa kama sikwenda.

Jambo lililonitia hofu ni la usiku wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, nikiwa Songosongo. Tulikuwa tumetangaziwa tusiingie baharini, tukakusanyika wanaume wengi katika nyumba moja ya matofali, na simu za wenzangu zililia tangu jioni: mke anauliza, mama anauliza, mtoto anataka kusikia sauti ya baba yake. Yangu niliishika mkononi, chaji imejaa, mtandao upo, na haikulia. Sikumlaumu mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kwamba niko Songosongo.

Nyumbani Mikindani nina kaka na dada. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama yangu mzazi alifariki Juni 2021 nikiwa Kojani, na kwa kuwa kusi lilikuwa kali na vyombo vilikuwa vimesimama sikuwahi maziko wala matanga, ila hilo silo ninaloandikia. Kaka alikasirika na hatuzungumzi. Dada tunazungumza ninapompigia mimi, maana mimi hubadilisha laini karibu kila ninapobadilisha kisiwa, na mara ya mwisho aliniambia kwamba kuna kanga ya mama ameniwekea. Sijui ni kanga ipi.

Kuna mtoto wa miaka 12 hapa ambaye akitoka shule huja kunishikia spana. Juzi, nikiwa nimeifungua kabureta juu ya gunia, aliniuliza, "Fundi, utaondoka lini?" Hakuuliza kama nitaondoka. Sikuweza kumjibu, na swali lake ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nifanye nini, Mama, ili nafsi yangu itulie mahali? Nitafute kisiwa kilicho kimya zaidi, nioe, nirudi bara, au kuna watu walioumbwa wasitulie nami ni mmoja wao?

Mwanao,
Kilwa Kisiwani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma visiwa, na nikakuonea wivu kidogo, kwa kuwa mimi katika umri wangu wote sikupata kufika Kojani. Mara ya pili nilisoma usiku wa Hidaya, nikaiweka barua mezani na kwenda kusimama barazani kwa muda, kwa maana picha ya mtu anayeitazama simu iliyojaa chaji haikunitoka machoni. Mara ya tatu nilichukua kalamu nyekundu, kwa kuwa tabia za ualimu hazijaniacha, nikapiga mstari chini ya maneno haya: "ila hilo silo ninaloandikia." Mashine, umande, wageni na birika umevieleza kwa utulivu na kwa kirefu. Mama yako umempa sentensi moja, na mwisho wa sentensi hiyo umetia komeo. Mimi naamini kwamba hilo ndilo unaloandikia, na nitakujibu kwa msingi huo.

Utaniambia kwamba ulianza kuzunguka mwaka 2014, mama akiwa hai, na kwa hiyo kifo chake hakiwezi kuwa sababu. Rudi kwenye hesabu uliyoiandika kwa mkono wako. Mafia miaka minne. Nungwi miaka miwili. Kila Idi nyumbani. Kisha unafika Juni 2021, na kuanzia hapo visiwa vinafuatana kwa miezi, na Idi haitajwi tena. Kabla ya siku ile ulikuwa fundi anayefanya kazi mbali na kwao, jambo ambalo nusu ya wanaume wa pwani hii wamelifanya. Baada yake ukawa mtu asiyeweza kulala akifikisha mwezi wa sita mahali pamoja. Sidhani kwamba Mungu alikuumba upya mwaka 2021.

Sikiliza maneno yetu wenyewe yalivyokaa jirani. Chombo hutwekwa tanga. Mtu asiye na pa kutua tunasema anatangatanga. Majira yaliyo kati ya kusi na kaskazi, upepo unapokuwa bado haujachagua upande, mabaharia wanayaita tangambili. Na watu wanapokaa chini pamoja kwa ajili ya marehemu, tunasema wameweka matanga, na siku ya mwisho tunasema matanga yameanuliwa. Kama maneno hayo ni ya ukoo mmoja au yamekutana tu njiani, hilo ni la wataalamu wa lugha. Ninalokuonyesha mimi ni kwamba aliyekaa matanga ana siku ya kuyaanua, na asiyekaa hana. Ndugu zako walianua siku yao, wakakunja majamvi, wakarudisha masufuria ya watu na kurudi kwenye kazi zao wakiwa na huzuni, lakini huzuni iliyowekwa mahali pake. Wewe huna siku hiyo. Tanga lako limetwekwa tangu Juni 2021, na kila upepo unaopita unakuchukua.

Kukaa matanga ni kazi, ingawa kwa macho kunaonekana kama kuketi tu. Mtu anaingia, anavua viatu, anakaa jamvini, anasema poleni, anauliza ilikuwaje. Unamweleza. Anaingia mwingine, naye anauliza ilikuwaje. Unaeleza tena: aliugua lini, alisema nini usiku wa mwisho, nani alikuwepo. Mpaka jioni umelieleza jambo hilo mara ishirini, na katika mara ya ishirini ulimi wako unakubali kusema "marehemu mama" bila kukwama. Hukuambiwa kwamba ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika, lakini ndiyo. Nawe unalishwa kwa lazima, unaamrishwa kulala, na mtoto anapewa amri ya kukaa karibu nawe. Sasa nijaribu kukisia yaliyotokea Kojani, na kama nimekosea utanisahihisha: simu ililia, ukatoka nje, ukasikiliza, ukauliza vyombo wakakuambia hakuna chombo kitakachotoka siku ile, wavuvi wakakupa pole, na kesho yake kulikuwa na mtu anasubiri mashine yake. Ukashika spana. Hapo hapakuwa na kosa lako lolote, kwa kuwa hata bahari ingekuwa shwari, kutoka Kojani mpaka Mikindani usingewahi maziko ya siku ileile. Kilichokosekana ni yale mengine, yaliyokuwa yanakungoja na ambayo bado yanakungoja.

Sisemi hata kidogo kwamba kuishi visiwani na kuhamahama ni maradhi. Wavuvi wetu wamekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ugenini, tangu enzi za mababu, na wewe uliyekaa Kojani unawajua watu wa huko wanavyosafiri mbali kufuata samaki. Lakini litazame dago kwa makini. Watu wa dago huondoka kwa kundi, wana nahodha, wana mgao wanaoujua, na siku yao ya kurudi inafuata upepo na mwezi, hivyo kwamba mke aliyebaki nyumbani anaweza kukuambia ni bamvua lipi, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, watatokeza. Usiku wa Hidaya wale wanaume waliokuwa nawe katika nyumba ya matofali walikuwa mbali na kwao kama ulivyokuwa wewe, pengine zaidi. Simu zao zililia kwa sababu kuna mtu aliyejua walipo. Umbali haukuwa tofauti yenu. Hivyo ukiniuliza kama utafute kisiwa kilicho kimya zaidi, nakujibu hapana bila kusita, kwa maana kimya unacho tele, nacho ndicho kilichokaa mkononi mwako usiku ule.

Sasa tuje Husuni Kubwa, kwa kuwa umepapenda, nami nilipata kupafika mara moja na wanafunzi na ninakubaliana nawe kwamba mwamba ule na bahari ile ya wazi vinanyamazisha mtu. Mjenzi anayetajwa wa jumba lile ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, katika karne ya 14. Katika utawala wake, mwaka 1331, alifika Kilwa mtu aliyetembea kuliko sisi sote, Ibn Battuta, aliyekuwa ametoka kwao Tangier huko Moroko mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Baada ya Kilwa alikwenda India, na katika visiwa vya Maldives alifanywa kadhi akaoa hukohuko, kisha akaondoka. Visiwa vile vilikuwa na minazi na bahari kama hii yako, na havikumzuia. Alipokuwa njiani kurudi alipata habari kwamba baba yake alikwisha kufariki miaka 15 nyuma, na alipokaribia kwao mwaka 1349 akaambiwa kwamba tauni imemchukua mama yake miezi michache tu kabla. Alikuwa amekaa mbali miaka 24. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi la mama yake. Baadaye akasafiri tena, hadi Andalusia na hadi Mali, kwa hiyo usiogope kwamba kwenda kaburini kutakufungia njia za bahari. Nimekutajia habari hii kwa sababu unakaa jioni katika jumba la mwenyeji wake, na kwa sababu yeye alichelewa miaka mingi kuliko wewe na bado alikwenda.

Kuna jambo jingine la kutazama hapo ulipo. Jumba la Husuni Kubwa, pamoja na birika lake na kumbi zake, halikukamilika, na lilikaliwa kwa muda mfupi tu kisha likaachwa. Msikiti Mkuu, ulio mbali kidogo na mwamba ule, ulianza katika karne ya 11, ukapanuliwa na Sultani huyohuyo, sehemu yake ikaporomoka, na katika karne ya 15 watu wakaijenga tena. Nakuomba jioni moja uende ukasimame hapo badala ya Husuni Kubwa, uangalie mahali mawe yanapoonyesha mikono ya vizazi mbalimbali. Sikukatazi birika lako. Lakini mandhari ya bahari inakutuliza kwa muda unaoitazama tu, na wewe umeligundua hilo mwenyewe ulipofunga mlango wa chumba. Yule mama mgeni alipata kimya pale kwa sababu alikuwa na mahali pa kurudi nacho.

Basi nenda Mikindani. Nasema nenda, sisemi piga simu. Vuka Masoko, panda gari mpaka Nangurukuru, chukua basi la Mtwara, pita Lindi, pita Mingoyo, na utashuka Mikindani kabla basi halijafika mjini. Ni kama kilomita 300, safari ya siku moja, na hakuna kusi wala kaskazi linaloweza kuizuia. Nakusihi usiondoke na mizigo yako yote. Acha kitanda, acha sanduku la spana, lipa kodi ya mwezi unaofuata, ili mguu wako ujue kwamba safari hii ina kurudi.

Kabla ya kufika kwa kaka yako, pitia kwa mjomba. Huku kwetu Mtwara na Lindi mjomba ana neno, na kaka mwenye hasira hawezi kumfungia mlango ndugu wa mama yake. Mweleze mjomba kwa maneno machache, usijitetee sana kwa habari za upepo, kwa maana kuhusu maziko una haki lakini kuhusu miaka iliyofuata huna, na wao wanajua tofauti hiyo. Hasira ya kaka yako naielewa hivi: yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu, na kila aliyeingia alimuuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Alijibu swali hilo siku zote za matanga, na pengine analijibu hadi leo. Mwombe radhi kwa hilo. Usimpelekee fedha nyingi siku ya kwanza, kwa sababu itaonekana kama unalipa deni ili uondoke. Fedha itakuwa na siku yake, ya kuchangia hitima au kulisafisha kaburi.

Kisha waombe wakusimulie. Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Kaa chini na dada yako, umuulize ilikuwaje, na umwache aeleze kuanzia siku mama alipoanza kuugua hadi mwisho, hata akilia, hata kama unahisi kusimama na kutoka nje. Ukimaliza kwake, muulize jirani aliyemwosha mama. Muulize mjomba. Wewe ulikosa kueleza mara ishirini, basi sikiliza hata mara tano. Asubuhi yake, mapema kabla jua halijawa kali, nendeni kaburini pamoja, mng'oe majani kwa mikono, na umsomee Yasini. Umetaja Idi katika barua yako, kwa hiyo sidhani kwamba nakufundisha jambo usilolijua. Kama familia itakubali, someni hitima siku ya Ijumaa au siku nyingine watakayoichagua, na watu wakitawanyika wewe mwenyewe ukunje majamvi. Usijipime kwa machozi. Wengine machozi huwajia baadaye, kwenye basi, au mbele ya kabureta.

Ukirudi Kisiwani, na nakushauri urudi, nakuomba ukae hapo mwaka mmoja kamili bila kuhama, kusi lote na kaskazi lote, pamoja na tangambili zake. Usiku hautakuwa mwepesi mara moja, wala sikuahidi hivyo. Hamu ile ya mwezi wa tano na wa sita itakuja tena. Inapokuja, kumbuka yale unayoyajua kuliko mimi: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tuna bamvua, maji yanatoka mpaka miamba inabaki wazi, na wanawake wanashuka na michokoo yao kuchokoa pweza. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, maji yanasogea kidogo tu, na hakuna anayesema bahari imeharibika. Wanawake walewale hukaa kivulini wakasuka ukili. Moyo nao una maji mafu yake. Jiwekee sharti hili moja, kwamba katika siku hizo hutafunga mzigo wala kununua tiketi wala kumwahidi nahodha yeyote, na kwamba utangoja bamvua linalofuata ndipo ufikiri upya. Ni kama juma moja tu. Mara nyingi juma hilo likipita utakuta hamu imepungua, na kama haikupungua, utaondoka kwa kuamua, ukimuaga mwenye nyumba na kumwambia dada yako unakokwenda.

Laini ya simu usibadilishe tena. Chagua pia saa moja ya siku ambayo watu watakutarajia mahali fulani, na wasipokuona waulize. Inaweza kuwa sala ya magharibi msikitini na baraza inayofuata, inaweza kuwa kahawa ya alfajiri pamoja na wavuvi. Nafsi hutulia mahali panapoweza kuhisi kwamba hupo, nami kwa muda wote niliofundisha niliona hata watoto wahamiaji wakianza kutulia siku ile tu jina lao lilipoitwa daftarini na mwenzao akajibu, "Leo hayupo, anaumwa."

Kuhusu kuoa nitasema kwa kifupi. Usioe mwaka huu. Mwanamke atakayeolewa ili awe dawa ya usingizi wako atachoka kabla ya wewe kulala.

Na kama usingizi utaendelea kukukimbia kwa majuma mengi, chakula kikakosa ladha, au ukaanza kufikiri kwamba ni afadhali usingekuwepo, hayo si ya safu hii peke yake. Nenda hospitali ukamweleze daktari waziwazi, kama unavyoeleza homa. Ukiwa Mikindani iko hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, Mtwara mjini, na upande wa Kilwa iko hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Hakuna aibu ndani yake, na mimi ningekuwa mama yako mzazi ningekusindikiza.

Amebaki yule mtoto wa spana, ambaye kwa kweli ndiye aliyetufanya tuandikiane. Usimjibu kwamba hutaondoka, kwa sababu ameshawaona mafundi wakiondoka na hatakuamini. Mwambie, "Naondoka siku fulani, nakwenda kwa mama yangu, na nitarudi siku fulani," umtajie tarehe zote mbili, umwachie gunia na zile spana ndogo azitunze. Tarehe ya kurudi ikifika, uwe umerudi, hata kama kaka yako atakuwa amelainika na kukubembeleza ukae zaidi. Watoto wa kisiwani huhesabu vizuri, kwa sababu wanaishi kwa hesabu ya maji.

Na ile kanga, ukifika kwa dada yako usiipokee ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko ukaitia begini hivyohivyo. Ifungueni pamoja, muitandike jamvini, na kwa kuwa hujui ni ipi, soma jina lake kwa sauti.